Sanduku la Hisa Linapotaka Kununua Mashine ya Kusaga: Uchambuzi wa Kisa

Kikundi cha hisa, cha kuweka akiba na kukopeshana, kina watu 25 na hukutana mara moja kwa wiki. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Wastani wao ni hisa tatu, yaani shilingi 150,000 zinaingia sandukuni kila wiki. Ikifika wiki ya 30 wana akiba ya 4,500,000, na juu yake 400,000 za riba na faini. Shilingi 3,100,000 ziko mikononi mwa waliokopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, zilizobaki ni taslimu. Hapo mtu mmoja anasimama kikaoni na kuuliza: kwa nini pesa hii isinunue mashine ya kusaga, ikawa mali yetu sote?

Tarakimu hizi na zinazofuata ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ifuatike hatua kwa hatua. Bei za mashine na za kusaga hutofautiana, kwa hiyo kila kikundi kiweke za kwake. Hali yenyewe si ya kubuni. Inajirudia karibu kila mahali penye vikundi vya hisa, na wazo la mashine ni zuri. Kosa huwa kwenye sanduku linalotumika kuilipia.

Utaratibu wa hisa unaofuatwa na vikundi vingi ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Baadaye ulifika Zanzibar katika vijiji vilivyo jirani na msitu wa Jozani, ukaenea bara na nchi jirani. Uliundwa kwa kusudi moja: kuweka akiba ndogo ndogo, kukopeshana, na kugawana kila kitu baada ya miezi 9 hadi 12. Kanuni zake zote zinatokana na hapo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ambao si viongozi. Mikopo hutolewa kila baada ya wiki nne. Mtu hakopeshwi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na katika mzunguko wa kwanza mkopo hauzidi miezi mitatu. Kikao kikimalizika, salio hutangazwa kwa sauti na kila mtu analiweka kichwani. Kikao kinachofuata huanza kwa kuulizana lilikuwa ngapi, kabla sanduku halijafunguliwa. Hata asiyejua kusoma anaweza kulinda pesa yake.

Fedha ya namna hiyo ni ya muda mfupi na kila shilingi ina mwenyewe. Ina siku ya kurudi, na siku hiyo inajulikana: ada za shule, mbolea, Idi, Krismasi. Mashine ya kusaga hurudisha mtaji wake kwa miaka. Kikundi kikiingiza pesa ya mwaka mmoja kwenye chuma cha miaka minane, siku ya kugawana itafika na chuma hakigawanyiki.

Tuifuate hesabu kama kikundi kingekubali pendekezo palepale.

Mashine na mota yake ya nguvu za farasi 20, ambayo ni kama kilowati 15, tuseme ni 5,200,000. Kusafirisha, kumwaga zege la msingi na kufunga ni 450,000. Waya, stata na kazi ya fundi umeme ni 350,000. Jumla ni 6,000,000, tukichukulia wamepata fremu ya kupanga ambayo tayari ina umeme wa fezi tatu. Kama haina, kuuvuta ni gharama nyingine ambayo lazima iulizwe kabla ya kulipia mashine. Kuna na kipengele ambacho vikundi husahau, nacho ni mtaji wa kuendeshea: umeme wa kuanzia, mikanda na beringi za akiba, kodi ya fremu inayolipwa mbele. Hapa tumeweka 300,000. Mradi mzima ni 6,300,000.

Ili kuzifikia, mikopo inasimamishwa wiki ya 30 na waliokopa wanaambiwa warejeshe. Wiki ya 40 akiba ni 6,000,000, na zile 400,000 za riba na faini tuchukulie zimebaki palepale. Mashine inanunuliwa, sandukuni zinabaki 100,000.

Mapato sasa. Mashine ya ukubwa huu, kwa chekeche la dona, ikisaga debe kumi kwa saa hutumia kama uniti 16. Uniti moja tukiipigia shilingi 350, debe moja linakula umeme wa 560. Bei ya kusaga debe tuseme ni 1,500, na kwa siku wanakuja wateja wa madebe 15, hivyo mapato ni 22,500. Umeme ni 8,400, mwendesha mashine 6,000, fremu 1,200, matengenezo 1,500. Fungu la kununua mashine nyingine hii ikichoka baada ya miaka minane ni 2,400 kwa siku. Kinachobaki kama faida halisi ni 3,000 kwa siku, 78,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Fungu la 2,400 ndilo linaloachwa na karibu kila mtu, na ukiliacha utadhani umepata faida ya 5,400 wakati karibu nusu yake ni mashine yenyewe inayoliwa kidogo kidogo.

Linganisheni na sanduku. Shilingi 3,100,000 zilizokopeshwa zilikuwa zikileta riba ya 155,000 kwa mwezi, na mashine ya 6,300,000 inaleta 78,000. Kwa kila shilingi, sanduku lilikuwa likilipa karibu mara nne. Tofauti ya asili ya pesa hizo nayo isisahaulike: riba ya sanduku hutoka mifukoni mwa wanachama wenyewe na biashara zao, mapato ya mashine hutoka kwa kijiji kizima. Hiyo ni sababu ya kweli ya kutaka mashine, na ina uzito. Lakini kikundi kifanye uamuzi kikijua kinachoachwa.

Halafu inafika wiki ya 52. Akiba iliyowekwa mwaka mzima ni 7,800,000, yaani hisa 3,900. Taslimu iliyopo ni 100,000 zilizobaki, 1,800,000 za wiki 12 za mwisho, na 421,200 za miezi mitatu ya mashine, tukihesabu hata lile fungu la mashine mpya. Jumla ni 2,321,200. Ukigawa kwa hisa 3,900, hisa iliyonunuliwa kwa 2,000 inalipwa 595. Mama aliyeweka hisa tatu kila wiki bila kukosa ana hisa 156. Aliweka 312,000, anaondoka na kama 92,800 na kuambiwa zilizobaki ziko kwenye mashine. Mikopo ingeendelea kama kawaida, hisa ingekuwa imefika kama 2,300, naye angeondoka na karibu 359,000. Ada ya mtoto Januari hailipwi kwa sehemu ya mota.

Kuanzia hapo mambo huharibika kwa mpangilio unaotabirika. Wenye hisa nyingi wanataka mashine iuzwe, na mnunuzi anatoa bei ya mtumba. Wenye hisa chache wanasema tuendelee. Anayehama anadai chake na hakuna kanuni ya kupima chake ni kiasi gani. Mzunguko mpya unapaswa kuanza, baadhi wanajiondoa, wapya wanaingia, na hakuna anayejua kama mwanachama mpya ana haki kwenye mashine ya zamani. Familia za viongozi zinasagiwa bure. Mwaka wa pili kikundi cha hisa kilichokuwa kikienda vizuri kinakufa, na mashine inabaki mikononi mwa yule mwenye ufunguo wa fremu.

Basi mashine inunuliwe vipi?

Kwanza, sanduku liachwe lifanye kazi yake hadi siku ya kugawana. Kila mtu apokee pesa yake mkononi, ahesabu, aweke mfukoni. Mkutano wa mradi uitishwe siku nyingine, hata kama ni kesho yake, na anayekuja aje na uamuzi wake. Huenda 18 kati ya 25 wakataka kuingia na saba wasitake, na hao saba wasilazimishwe wala wasinuniwe. Mradi unakuwa na hisa zake, daftari lake, akaunti yake na viongozi wake. Ni afadhali hata mweka hazina asiwe yule wa sanduku.

Pili, kabla ya kuhesabu pesa, hesabuni debe. Familia ya watu sita inayokula ugali kama chakula kikuu humaliza debe moja la kilo 18 kwa siku saba au nane. Madebe 15 kwa siku yanahitaji kaya kama 110 zinazosaga kwenu kila mara. Kaya 25 za wanachama hazifikishi madebe manne. Mpite nyumba kwa nyumba kwa wiki moja muulize watu wanasaga wapi sasa, kwa bei gani, wanakwenda umbali gani, na wanataka dona au sembe. Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: mahali penye walaji wa sembe, mashine ya kusaga bila ya kukoboa inapitwa na wateja, na mashine ya kukoboa ni gharama nyingine. Ulizeni pia miezi ya ghala tupu. Baada ya mavuno foleni ni ndefu, halafu ikifika miezi ya njaa watu wananunua unga wa kilo moja moja dukani, na madebe 15 yanaweza kuwa sita.

Tatu, kiasi. Shilingi 6,300,000 kwa hisa za mtaji za 20,000 kila moja ni hisa 315. Watu 18 wangelazimika kuweka 350,000 kila mmoja, karibu mgao wao wote wa mwaka. Hilo ni kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Kuna njia mbili za busara: kukusanya kwa migao miwili au mitatu, au kuungana na vikundi vingine vya kata. Vikundi vinne vyenye watu 18 kila kimoja ni watu 72, na kila mtu anahitaji hisa nne au tano, yaani 80,000 hadi 100,000. Hiyo ni pesa ambayo mtu anaweza kuiacha miaka mitatu bila watoto kukosa chakula, na ndicho kipimo tunachopendekeza. Usimwombe mtu pesa ambayo ataihitaji kabla ya mashine kuirudisha.

Pesa zikianza kukusanywa, ziwekwe benki chini ya sahihi tatu, na kanuni iandikwe siku ya kwanza: hakuna senti itakayotoka mpaka lengo lote litimie, na lisipotimia ifikapo tarehe iliyotajwa, kila mtu anarudishiwa chake. Bila kanuni hiyo, wakifika 4,000,000 kuna atakayesema tulipe malipo ya awali kwa fundi. Mashine itakaa kwa fundi mwaka mzima, na waliochelewa kuchangia hawatachangia tena kwa sababu wameona ya kwanza imekwama.

Nne, sura ya kisheria, na hapa idadi ya watu inaamua mengi. Usajili wa kikundi cha hisa katika halmashauri, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018, ni wa kuweka na kukopeshana. Usiutegemee ubebe mali ya biashara. Kampuni binafsi inayosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, haiwezi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, na hairuhusiwi kuualika umma ununue hisa zake. Kutangaza hisa za kampuni kwenye mkutano wa kijiji au kwenye kundi la WhatsApp la kata ni kugusa jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Watu 72 kwa hiyo wanaelekea kwenye ushirika, unaosajiliwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kila mwanachama hapo ana kura moja, hata kama mwenzake ana hisa nyingi zaidi. Kenya nayo inaweka kikomo cha watu 50 kwa kampuni binafsi, na vikundi vingi vya huko, vinavyoitwa chama, hukigonga vikiamua kununua ardhi au jengo. Katika sura yoyote wekeni kikomo chenu: tunaona asilimia 10 ya hisa zote inatosha. Mtu mmoja akishika theluthi ya mtaji, mikutano mingine inakuwa ya kuidhinisha alichoamua.

Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kusaidia mradi ukue. Isiwe msingi wake. Pesa isiyo ya mtu haina wa kuilinda, na waliochangia 80,000 zao ndio wanaouliza maswali.

Tano, udhibiti. Wizi kwenye mashine ya kusaga ni mwepesi kwa sababu mteja analipa taslimu, anaondoka na unga, na hakuna kinachobaki kushuhudia. Ila mita ya LUKU, ya umeme unaolipiwa kabla, inabaki, na inaonyesha uniti zilizosalia. Mtu wa zamu asome uniti asubuhi kabla ya mashine kuwashwa na jioni baada ya kuzimwa, na aongeze zilizonunuliwa katikati ya siku. Tukirudi kwenye kipimo chetu, debe kumi kwa uniti 16 ni uniti 1.6 kwa debe. Asubuhi mita inasoma 212.4, jioni 172.4, hakuna umeme ulionunuliwa: zimetumika uniti 40, yaani madebe 25. Daftari la mwendesha mashine linasema 15. Madebe kumi, shilingi 15,000, zinahitaji maelezo siku hiyohiyo.

Kabla ya kumshika mtu shati, lakini, pimeni upya. Nyundo za ndani ya mashine zikilika, mashine inakaa muda mrefu kwenye debe moja na uniti zinapanda. Chekeche lenye matundu madogo zaidi hufanya hivyohivyo, mahindi mabichi vilevile, na mkanda unaoteleza unakula umeme bila kusaga. Mara moja kwa wiki watu wawili wa kamati wasimamie debe tano zikisagwa mbele yao, wasome mita, waandike kipimo cha wiki. Kikipanda kutoka 1.6 hadi 1.9, fundi aitwe. Nyundo nyingi zinaweza kugeuzwa zitumie upande ambao haujalika kabla ya kununua mpya, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Kipimo kikibaki palepale huku daftari likipungua, tatizo si la chuma. Mwendesha mashine naye alipwe vizuri, sehemu kwa siku na sehemu kwa debe, ili kuandika debe kuwe na faida kwake.

Kuna njia nyingine ambayo vikundi huiruka kwa sababu haina sherehe ya kuzindua: kumwezesha msagaji aliyepo. Mara nyingi kijijini tayari yuko mtu mwenye mashine, anayeijua kazi, ambaye mota yake imeungua au anataka kuongeza mashine ya kukoboa. Anakosa milioni mbili. Wachangiaji 40 wa 50,000 wanampa 2,000,000, naye analipa 300 kwa kila debe hadi afikishe 2,600,000. Kwa madebe 20 kwa siku ni kama 156,000 kwa mwezi, hivyo anamaliza kwa takriban miezi 17. Miezi ya njaa analipa kidogo, baada ya mavuno analipa zaidi, na hakuna marejesho ya lazima yanayomvunja mwezi ambao hapana mahindi. LUKU inatumika vilevile kuhakiki. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria au ofisi ya kata, mota na mashine zitajwe kwa namba zake kama dhamana, na iandikwe itakuwaje akifariki au akiuza fremu.

Kwetu hii ndiyo njia ya kuanza nayo. Ustadi wa kuendesha mashine na kuvumilia wateja hauji kwa kuchangishana, na kamati ya watu saba haiwezi kuwa msagaji mmoja mzuri.

Wanaojiepusha na riba, hasa Pwani na Visiwani, wana mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida inagawanywa kwa uwiano uliokubaliwa mwanzo, na hasara ya mtaji inabebwa na mwenye mtaji isipokuwa mfanyakazi amezembea. Zile 300 kwa debe zenye kikomo hazitimizi masharti hayo kama zilivyo. Mkataba utalazimika kuhesabu faida baada ya gharama, na sheikh anayejua biashara aonyeshwe kabla ya kusaini.

La mwisho ni kutoka, na liandikwe kabla ya kuingia. Kwa mradi wa hisa 315 tunapendekeza miaka miwili ya kwanza hakuna anayetoa mtaji. Baada ya hapo anayetaka kuondoka anauza hisa zake kwa mwanachama mwingine, au kwa mradi wenyewe kama akiba inaruhusu, kwa bei inayopigwa mara moja kwa mwaka. Hesabu yake ni fupi. Mashine ilinunuliwa na kufungwa kwa 6,000,000, inapungua 750,000 kila mwaka, basi mwisho wa mwaka wa kwanza ni 5,250,000. Ongeza fungu la mashine mpya 750,000 na mtaji wa kuendeshea 300,000. Faida ya mwaka ni 936,000: nusu inagawanywa, 1,485 kwa kila hisa, na nusu nyingine, 468,000, inabaki. Jumla ni 6,768,000, na kwa hisa 315 kila moja ina thamani ya 21,485. Karatasi yenye hesabu hiyo ibandikwe ukutani kwenye fremu ya mashine, isomwe mkutanoni, na ibaki ileile hadi mwaka unaofuata, ili anayeondoka kwa hasira na anayeondoka kwa amani walipwe bei moja.

Kwenye daftari la hisa, mbele ya jina la kila mwanachama, pawe na safu ya mrithi, na ijazwe siku anayolipia hisa ya kwanza.